Chupa nane za kijana wako

Ipagala, Dodoma

Mwalimu mwenzangu,

Salamu sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Huku hatujambo, ni vumbi na upepo tu kama unavyopajua. Najua nimekaa kimya mpaka ukamtuma Mzee wa Baiskeli kuja kuangalia kama bado napumua. Napumua. Ila yeye kanieleza habari ya kijana wako, na ndiyo imenifanya nikae chini usiku huu: amezima kilomita ya 33 ya marathoni, tumbo limemvuruga, na ninyi huko mmeshakubaliana kwamba kosa ni viatu.

Viatu havimharishi mtu, Mwalimu.

Mzee anasema chupa zote za kijana zilikuwa maji ya asali. Basi hapo hapo. Asali ya Singida naiheshimu (nitairudia huko chini, nina ombi), lakini ina sukari ya matunda nyingi kuliko glukosi, na hiyo ya matunda utumbo huipitisha polepole. Mtu akiwa mbioni damu imekwenda miguuni, tumbo limeachiwa kidogo. Sukari isiyopita inabaki ndani, inavuta maji, na ukifika muda wa saa moja na nusu hivi mtu anatafuta kichaka. Akiacha kunywa ili tumbo litulie, nguvu zinamwishia. Ndiyo kilomita ya 33 yako hiyo.

Fanya hivi. Meza za vinywaji kwenye mashindano makubwa huwa kila kilomita 5, kuanzia ya 5 hadi ya 40, kwa hiyo chupa ni nane. Changanya kwa pamoja kwenye jagi: maji lita 1.6, sukari ya kawaida gramu 96, glukosi ya duka la dawa gramu 48, chumvi gramu 2. Tumia mizani ndogo, usikadirie kwa kijiko. Gawa mililita 200 kila chupa. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi nusu ya matunda, hivyo ukiongeza glukosi unapata mbili kwa moja, na hivyo ndivyo utumbo unavyopokea vizuri zaidi. Kwa mwendo wa 3:05 (dakika 3 na sekunde 5) kwa kilomita, kutoka meza hadi meza ni dakika 15 na nusu kasoro kidogo. Akizimaliza zote anapata kama gramu 66 kwa saa. Akinywa robo tatu bado anakaribia 50. Siku ya joto kali punguza, sukari 64 na glukosi 32 kwa maji yaleyale, maana hapo anahitaji maji zaidi kuliko nguvu.

Lakini usimpe siku ya mbio ndiyo aanze! Tumbo nalo hufundishwa. Wiki sita au nane kabla, kila mbio ndefu anywe kwa ratiba ileile na kwa kasi ya mashindano, siyo ile ya kujikokota. Na jioni ya kuamkia mbio, maharage na ugali wa mtama viwekwe pembeni. Mlenda pia, najua utabisha.

Sasa chupa yenyewe. Ile ya maji ya nusu lita ni nene, mkono uliolowa jasho haushiki. Tafuta ndogo nyembamba, funga shingoni kitanzi cha waya wa kufungia nondo uliozungushiwa utepe, kisimame juu wima, kidole kipite. Rangi iwe moja kwa zote nane, kali, ionekane kutoka mita 30. Mtu wa kumaliza kwa 2:10 (saa 2 na dakika 10) anapita mezani kwa zaidi ya kilomita 19 kwa saa, hana muda wa kusoma jina. Anyooshe mkono mapema, akiikamata auachie mkono urudi nyuma pamoja na chupa, asiing'oe. Kisha anywe mafunda madogo kwa mita 300 hivi. Akigugumia, kichomi. Na asiingie mezani akiwa katikati ya kundi; mita 100 kabla ajitoe upande wa meza, la sivyo atakanyagwa kisigino. Sapporo 2021, kwenye marathoni ya Olimpiki, Mfaransa mmoja aliangusha safu nzima ya chupa kabla ya kushika moja. Siku ile ilikuwa joto, walioanza 106, walioacha njiani 30. Simbu, Mtanzania mwenzetu, alimaliza wa 7.

Sheria nazo mfundishe. Nyuma ya meza ya nchi wanakaa maofisa wawili tu kwa wakati mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kukimbia naye sambamba. Akipokea kinywaji nje ya kituo, mara ya kwanza kadi ya njano, mara ya pili anatolewa. Kwa hiyo yule mjomba wa bodaboda mwenye chupa ya akiba, mwacheni nyumbani. Kumpokea mwenzake chupa iliyochukuliwa mezani inaruhusiwa, ila si kila kituo mtu yuleyule, wataona ni msaada.

Utaniambia haya ni mambo madogo. Haya, turudi Tokyo, marathoni ya mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ambayo ninyi watu wa Singida hamtuachi tukapumua. Simbu 2:09:48, Petros wa Ujerumani 2:09:48, kati yao sekunde 0.03. Kwa mwendo ule wa mwisho ni kama sentimita 20. Aouani wa Italia nyuma yao sekunde 5. Sasa kijana akikosa chupa moja, akageuka kuiokota, sekunde tatu au nne zimekwenda, achilia mbali kuvunja mwendo. Medali imeshabadilisha shingo.

Tena ona, mwaka huohuo Simbu alikuwa amekimbia 2:05:04 Boston, akawa wa pili. Tokyo ilikuwa taratibu zaidi na akachukua dhahabu. Kwenye mashindano ya dunia hakuna waongoza kasi, na joto lilikuwa la kutisha hata mbio zikaanza saa moja na nusu asubuhi ya kwao, saa saba na nusu usiku huku. Kundi linalegeza, linavuta, linalegeza. Kijana wako anayefukuzia saa ya mkononi kila kilomita atachanganyikiwa. Mpe Alhamisi moja kilomita 12 za kubadilisha, moja kwa 2:58, inayofuata kwa 3:20, bila kusimama. Na mwisho wa kila mbio ndefu, akiwa amechoka kabisa, mita 200 mara nne kwa nguvu zote. Fanyeni pale uwanja wa Namfua (siku hizi Liti), aizoee kona, maana kumalizia uwanjani ukitoka kwenye lami miguu inashangaa.

Sisi wa Dodoma tunaye Ikangaa, msisahau. Brisbane 1982, marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, yeye na Mtanzania mwenzake Shahanga walitangulia mbele sana, de Castella wa Australia akawafuata mmoja mmoja, Ikangaa akapitwa kwa sekunde 12 tu, 2:09:30 kwa 2:09:18. Sijui siku hizi vijana wanaambiwa... basi, hiyo tuiache, nikianza sitalala.

Ombi langu: Jumamosi ya mwisho wa mwezi mlete huku, akimbie kilomita 35 na vijana wangu barabara ya Hombolo, tuanze saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla jua halijachoma. Meza nitapanga mimi kila kilomita 5. Njoo na chupa zako zenye kitanzi, na asali lita mbili. Ya kwangu, ya chai, si ya mbio.

Sasa nijibu. Alikunywa chupa ngapi kabla ya tumbo kuanza, na alianza kuhisi kilomita ya ngapi? Alikula nini alfajiri, na saa ngapi? Maji ya kawaida alichukua hata mara moja? Sponji je? Yule mnayemwita Mrefu bado anamdanganya kuhusu vidonge vya chumvi? Jina lake liko kwenye orodha ya kambi au mnasubiri? Na wewe goti, umelipeleka hospitali au bado unapaka mafuta ya alizeti?

Wako,
Mwalimu wa Ipagala