Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Columbus mnaojiandaa na LSAT, mtihani wa kuingia chuo cha sheria hapa Marekani

Wanangu,

Mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, msibani, harusini, hata kwenye foleni ya unga dukani, na swali ni lile lile: "Mzee, nisomeje ili niingie chuo cha sheria?" Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana sauti yangu siku hizi inachoka upesi.

Mimi si mwanasheria. Nimekuwa mkalimani wa mahakamani kwa miaka 22, na chuo cha sheria sijakikanyaga. Lakini mwaka jana wawili kati yenu waliniomba niketi nao wakisoma. Nilipoyasikia yale maswali nikacheka. Mtihani ule naujua. Ndiyo kazi yangu.

Kiapo cha mkalimani ni kifupi: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Nilikivunja mara moja bila kukusudia. Shahidi, mama wa makamo, alisema, "Nilisikia kama ugomvi hivi." Mimi nikatoa kwa Kiingereza kwamba alisikia ugomvi. "Kama" ikabaki mdomoni mwangu. Wakili akaishika hapo hapo, akaanza kujenga: ugomvi ulidumu muda gani, nani na nani walikuwa wanagombana. Mama wa watu akawa ananitazama haelewi kwa nini anabanwa kwa jambo ambalo hakulisema. Ikabidi nisimame niseme, "Mheshimiwa, mkalimani anaomba kurekebisha." Jasho lilinitoka. Neno moja tu, lenye herufi nne.

Basi LSAT imejaa "kama" za namna hiyo. Haiulizi sheria hata kidogo, kwa hiyo acheni kukariri katiba ya Marekani. Tangu Agosti 2024 ina sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za kupima hoja, moja ya kusoma kwa ufahamu, na moja ya majaribio ambayo haina alama, ila hamtaambiwa ni ipi. Insha inaandikwa kando. Yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti yameondolewa, kwa hiyo kile kitabu kinene cha zamani mnachoazimana, zile kurasa za mafumbo zirukeni.

Sasa hapa ndipo panapotuponza sisi. Tumelelewa kumalizia maneno ya mwenzetu. Mtu akisema "Haraka haraka," ukumbi mzima unaitikia "haina baraka." Ni adabu, na ni utamu wa lugha yetu. Kwenye mtihani huu ni shimo. Nikiwaambia, "Huwezi kupika pilau bila mchele, na Mama Asha ana mchele," ninyi mmeshanusa bizari. Nani amesema anapika? Huenda mchele ni wa ubwabwa, huenda ni akiba tu kabatini. Mnachokijua kwa hakika ni kimoja: akikosa mchele, leo hakuna pilau. Kuhusu kuwa nao, hamjaambiwa kitu. Watunga mtihani watawawekea jibu la pilau, limeandikwa vizuri, linapendeza, na nusu ya chumba italichagua.

Vipimeni vineno vidogo. "Some" ya mtihani huu ni walau mmoja, na inaweza kufika hadi wote. "Most" ni zaidi ya nusu, na wote pia wamo. Wale vijana wawili niliwaambia kila wakikutana na neno la namna hiyo wawe wanalitafsiri kwa sauti kwa Kiswahili, kana kwamba jaji anasubiri. Mmoja alikuwa akisoma "unless" akiipita kama kokoto barabarani. Alipolazimika kusema "isipokuwa," akasimama.

Na kuna hili la kufanya majaribio mengi mengi. Kijana ananiambia kwa fahari amemaliza majaribio 15 kwa wiki tano. Namuuliza, ulikosea wapi? Hajui, anajua alama tu. Huko ni kulipua kazi. Fanya jaribio moja, kisha kabla hujaangalia majibu, rudia bila saa yale maswali uliyoyatilia shaka. Ukipata safari hii, tatizo lako ni mwendo. Ukikosa tena, hukuelewa, na saa haina kosa. Kila kosa liandike daftarini kwa mkono wako: jibu baya lilinivutia kwa nini, na ni neno gani sikuliona. Baada ya mwezi utakuta unakosea makosa manne au matano yale yale, yamebadilisha kanzu tu.

Saa ije baadaye. Sehemu ya hoja ina maswali kama 25, yaani dakika moja na nusu kasoro kwa swali. Ukiona limekukaba, chagua jibu lolote, songa mbele. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo kuacha wazi ni uvivu.

Za fedha nisizirefushe. LSAC, wenye mtihani, wana msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo. Ombeni kabla hamjajiandikisha, si baada ya kulipa. Majaribio kadhaa ya kweli yako bure kwenye LawHub, tovuti yao ya mazoezi, anzeni hapo kabla hamjampa mtu dola elfu. Wala msikurupuke kuufanya "kujaribu bahati": mnaruhusiwa mara tano ndani ya miaka mitano, saba maishani, basi.

Kina mama na kina baba, nanyi nawaomba. Huyu mtoto anatoka zamu ya usiku ghalani saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi msimtume Walmart, msimfanye dereva wa shangazi. Mwacheni asome kwa muda wa saa tatu tu, na mlango ufungwe.

Mimi nipo kwangu kila Jumamosi kuanzia saa nne. Njooni na daftari la makosa. Atakayekuja na alama peke yake nitampa chai na kitumbua, tutazungumza habari za Tanga, kisha atarudi nyumbani kuandika daftari.

Mzee wenu, mkalimani