Karakana moja sawa, kanuni moja hapana

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ripoti yenu juu ya vyuo vya ufundi imenilazimisha. Mwandishi wenu anadai kwamba sisi watu wazima tunawarudisha nyuma vijana, kwa hiyo tutengwe. Inaonekana aliishia ofisini kwa mkuu wa chuo, karakanani hakufika.

Nasomea ufundi umeme, na meza yangu naitumia na kijana wa miaka 16. Yeye ndiye aliyenielewesha hesabu: hita ya wati 3,000 kwenye volti 230 huvuta ampea 13 hivi, na hapo ndipo unene wa waya unapopatikana. Mimi nimemzoesha kwamba kuzima swichi hakutoshi. Kipima umeme kijaribiwe kwanza kwenye waya wenye umeme, ndipo upime ule uliouzima, kisha kipima hicho kijaribiwe tena kwenye ule wenye umeme, usije ukaamini kifaa kibovu ukapoteza maisha. Nani hapo amerudishwa nyuma?

Tatizo liko kwenye kanuni. Muhula uliopita mwanangu aliugua usiku, nikakosa kipindi cha asubuhi. Niliporudi nilieleza kwa adabu, nikaonyesha na karatasi ya hospitali. Mkufunzi, ambaye kwa umri ni mdogo wangu, akanisimamisha mbele ya darasa zima na kuniambia nisiingie tena bila mzazi. Nimepita miaka arobaini! Mama yangu ni mkongwe, hatembei bila kushikwa mkono, na anayemtunza ni mimi. Nilidhani ameteleza ulimi, lakini alinipa fomu yenye nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi tu, akasema ndiyo kanuni ya chuo na haibagui mtu. Vijana wanaoniita baba waliinamisha macho kwa aibu waliyonionea. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto watatu, alifanyiwa hivyo hivyo akaacha masomo, na alikuwa fundi mzuri kuliko wengi wetu.

Tena kuna hili la ujuzi. Mtu aliyefunga umeme majumbani kwa miaka anakalishwa muhula mzima akifundishwa kushika koleo, na karo analipa. Ufaransa ina sheria tangu 2002 inayomwezesha mtu kupata cheti kwa uzoefu wake wa kazi. Denmark nayo tangu 2015 ina njia ya wenye miaka 25 na zaidi, ambao hupimwa wanachokijua na kupunguziwa muda wa masomo. Kwetu sisi hakuna hata anayeuliza.

Sisemi vijana waachiwe. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari, na mashine zetu zinakata vidole. Wasimamiwe kwa karibu, na wazazi wao waitwe.

Ninachotaka ni hiki. Fomu ya ruhusa iongezwe mstari mmoja: "au mwanafunzi mwenyewe, akiwa ametimiza miaka 18." Na wiki ya kwanza kila anayesema ana uzoefu apewe ubao, waya, swichi mbili na taa, afunge mbele ya wakufunzi wawili. Akiweza, aruke muhula huo. Wakuu wa vyuo wanaosoma gazeti hili wanaweza kuichapa fomu hiyo kesho asubuhi.

Mwanafunzi mtu mzima, ufundi umeme