Gari la spoti lisichanganywe na mwendokasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ya wasomaji nizungumzie jambo ambalo hapa Mtwara husemwa zaidi vijiweni na kwenye vituo vya mafuta kuliko magazetini, nalo ni mapenzi ya magari ya spoti. Mtu akionekana na gari la viti viwili lililokaa chini, watu huamua papo hapo kwamba amepata hela ya korosho ikamzidi kichwa, au kwamba anakitafuta kifo barabarani. Hata watu wazima wenye busara zao hulitaja gari la spoti na mwendokasi kwa pumzi moja. Mimi ninalo gari la aina hiyo, nalipenda kupita kiasi, na kwa maoni yangu hukumu hiyo imeangukia pasipostahili.

Siku za kazi naendesha kirikuu, kwa kuwa nina duka la vifaa vya ujenzi na saruji haibebwi kwenye gari la starehe. Gari ninalolizungumzia ni Mazda Roadster ya toleo la kwanza, ambayo nje ya Japani inajulikana zaidi kwa jina la MX-5 na ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwaka 1989. Injini yake ni ya cc 1,600, ukubwa wa kawaida kabisa kwa Corolla, na uzito wa gari zima haufiki tani moja. Waliolibuni hawakutafuta nguvu nyingi. Waliisogeza injini nyuma, wakaipeleka nguvu yake kwenye matairi ya nyuma, wakatengeneza boneti ya aluminiamu ili pua isiwe nzito, hata uzito ukagawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Kufikia mwaka 2016 yalikuwa yameshatengenezwa magari milioni moja ya jina hilo, na hakuna gari jingine la spoti la viti viwili lililouzwa kwa wingi kiasi hicho.

Utamu wa gari kama hilo hauonekani kwenye barabara iliyonyooka. Ukitoka mjini kuelekea Mikindani, barabara inashuka kisha inaufuata ukingo wa ghuba, na ukifika penye makazi unapaswa kwenda kilomita 50 kwa saa. Nikiwa kwenye kirikuu sehemu ile huipita nikiwaza madeni ya wateja. Nikiwa kwenye Roadster naingia kwenye kona kwa gia ya tatu, naachia mafuta kidogo, pua inainama, usukani unakuwa mzito mkononi kadiri matairi ya mbele yanavyozidi kuishika lami, na ninapokanyaga mafuta tena naisikia mgongoni nguvu ya matairi ya nyuma yakilisukuma gari nje ya kona. Mchanga uliotapakaa barabarani nausikia kwenye vidole. Dereva wa gari hili amekaa chini mno, karibu usawa wa goti la mtembea kwa miguu, kwa hiyo mwendo wa 50 yeye huuona kama 80, na paa la turubai likiwa limefunuliwa hana haja ya kuongeza chochote ili moyo uchangamke. Kuna pia zile taa za mbele zinazolala ndani ya boneti na kuinuka zinapohitajika. Nikisimama kununua madafu watoto hunitaka nizifumbue, nami huzifumbua, ingawa mota ya taa ya kushoto imechoka na jicho hilo hukawia kuamka.

Gharama zake sizifichi. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna VAT, kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na kwa kuwa gari ni la zamani kuna ushuru wa uchakavu juu ya hayo yote. Spea huja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na Mei 2024, mafuriko na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kule Somanga, gari langu lilikaa juu ya mawe likisubiri bushi. Hewa ya chumvi nayo ni adui wa kila siku. Nyuma ya viti kuna matundu ya kutolea maji yanayotoka kwenye paa, na matundu hayo yakiziba kwa majani, maji hutuama ndani ya bodi chini ya milango na kutu huanza kula kutokea ndani, mahali ambapo hakuna anayeiona mpaka siku fundi anapoingiza jeki na chuma kinabonyea. Barabara ya mchanga kama ya Msimbati naisahau kabisa. Matuta ya vijijini nayapanda kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, huku bodaboda wakinipita na kunicheka.

Sasa, mtu anayepanda tuta kwa mshazari anawezaje kuwa ndiye mwenye mwendokasi? Ninaposafiri kwenda Lindi, wanaonipita kama upepo ni madereva wa magari makubwa ya ofisi na wa Noah zilizojaa abiria, watu waliokaa juu, ndani ya viyoyozi, ambao kilomita 120 kwa saa haiwapi habari yoyote. Hesabu ya breki haichagui aina ya gari. Lami na matairi vikiwa vile vile, gari linalokwenda 120 huhitaji umbali wa breki mara mbili na robo ya lile linalokwenda 80, na hapo bado hatujahesabu mita zinazopotea kabla mguu haujafika kwenye breki.

Nakiri kwamba wapo vijana wanaotuharibia jina. Mtu ananunua Altezza nzima, kisha anamwambia fundi akate springi ili gari lilale chini na ang'oe mafla ili lipige kelele usiku. Gari la namna hiyo limeacha kuwa la spoti. Springi ikikatwa, shokapu hukosa nafasi ya kufanya kazi, kila shimo humrusha dereva, na tairi lililoinuka hewani halishiki barabara hata kama injini ni ya maajabu. Hao wanapokamatwa mimi siwatetei.

Lakini kukamata peke yake hakumfundishi kijana kulisikiliza gari, na barabara ya umma si mahali pa kujifunzia. Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo wenzetu wa Japani na Marekani wanalifanya siku nyingi. Hutafutwa eneo pana lililosakafiwa na kufungwa, hupangwa koni za plastiki ziwe njia yenye kona nyingi, na madereva hupita mmoja mmoja wakipimwa muda, wengi wao wasitoke gia ya pili. Anayegonga koni huongezewa sekunde. Mshindi huwa ni yule mwenye mikono mitulivu, na si ajabu gari dogo likalishinda lenye injini mara mbili yake. Mtwara tuna maeneo ambayo msimu wa korosho hujaa malori na ukishapita hubaki matupu, na Jumapili moja kwa mwezi ingetosha. Wenye viwanja wakikubali, halmashauri ikitoa kibali, askari wa usalama barabarani na gari la wagonjwa wakiwapo, kila dereva akivaa helmeti na gari lake likikaguliwa kabla ya kuingia, hao wanaosumbua watu usiku watakuwa na mahali pa kuonyesha wanachokijua, na wengi wao, nadhani, watagundua kwamba hawajui mengi.

Vijana kadhaa wenye magari nimekwisha kuzungumza nao na wako tayari. Kinachokosekana ni uwanja na kibali. Koni nitazitoa dukani kwangu bila malipo.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara