Wahadhiri nao waandaliwe kabla ya vyuo kufunguliwa

Mhariri,

Tangu Rais Kenyatta atangaze Machi 15, 2020 kwamba taasisi za elimu zifungwe kwa sababu ya korona, kila mkutano wa chuo chetu ni wa wanafunzi: bando zao, simu zao, karo yao. Sawa. Lakini anayewafundisha ameandaliwa na nani?

Sisi tulipewa mafunzo ya asubuhi moja. Tukaonyeshwa pa kubofya ili kufungua kipindi, basi. Namna ya kutunga mtihani wa mtandaoni ambao wanafunzi hawawezi kunakiliana kirahisi haikuguswa. Mimi nafundisha kemia. Juzi niliegemeza simu kwenye pakiti ya unga jikoni, nikamimina siki juu ya magadi. Wanafunzi wakaona povu, picha ikaganda. Mmoja aliye Turkana husikia sauti tu, inakatikakatika. Sasa namrekodia maelezo mafupi na kumtumia kwa WhatsApp, na yanamfaa kuliko kipindi kizima.

Tena tunaambiwa tujiandae kurejea. Ndoo za kunawia zimepangwa langoni vizuri kabisa, wageni wazione. Huku maabara yetu madirisha yamepigwa misumari tangu mizani iibwe, na feni ya kutolea hewa imekufa. Ugonjwa huu hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Misumari hiyo ing'olewe kwanza.

Na wahadhiri wa mkataba, wanaolipwa kwa saa, walipwe pia saa za mafunzo. La sivyo hawatahudhuria, wala siwalaumu.

Mhadhiri wa kemia,
Eldoret, 2020