Mtambo wa makaa hauzimwi kama taa ya sebuleni

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya mitambo ya makaa ya mawe, pale mliposema ifungwe yote mara moja kwa vile sola imeshuka bei na makaa siku hizi yanachangia asilimia ndogo tu. Mimi sio mtetezi wa makaa, nalisema mapema. Kila uniti moja ya umeme wa makaa inaachia karibu kilo nzima ya hewa ya ukaa, bado majivu. Ifungwe, sawa. Ila nimekaa miaka chumba cha kontroo cha mtambo kama huo na kuna kitu mmekiruka kabisa.

Ule mtambo hauuzi uniti peke yake. Mle ndani turbini (mapanga yanayozungushwa na mvuke) na jenereta zimeshikana kwenye shafti moja, tani kwa tani za chuma zinazunguka mara 3,000 kwa dakika, na mzunguko huo unasaidia gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, ikae kwenye hezi 50, ndio mdundo wake wa kawaida. Sasa laini kubwa ikikatika ghafla au mtambo mwingine ukijizima wenyewe, kile chuma hakisimami, kinaendelea kuzunguka kwa uzito wake na kuisukumia gridi nguvu zile sekunde za mwanzo kabla hata mtu hajagusa kitu, halafu ndo valvu za mvuke zinafunguka zaidi kuziba pengo. Nyumbani mnaona taa imefifia kidogo, au hamuoni kitu. Kazi hiyo haimo kwenye asilimia zenu! Na ile saa ya jioni je, jua limezama, watu wamerudi, matumizi yanapanda kwa mkupuo, na boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ikishapoa huwezi kuiambia amka ibebe mzigo sasa hivi, inataka masaa mengi.

Angalieni Australia. Mtambo wa Hazelwood kule jimbo la Victoria ulikuwa wa megawati 1,600, kama moja ya tano ya umeme wa jimbo zima. Wenyewe wakatangaza Novemba 2016 kwamba wanafunga, Machi 2017 ukazimwa. Miezi mitano! Bei ya jumla ya umeme ikapanda, mitambo mingine ya makaa na gesi ikabidi ifanye kazi zaidi kuziba nafasi, na wafanyakazi kama 750 wakajikuta nje, hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu najua kazi yetu ilivyo, fundi wa boila hageuki kuwa fundi wa kitu kingine ndani ya miezi mitano. Betri ya megawati 150 ilikuja kuwekwa pale pale Hazelwood, ila 2023, miaka sita imeshapita.

Uingereza nao walikuwa na makaa mengi tu, 2012 yalikuwa yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wao. Lakini 2015 serikali ikatamka kwamba mwisho ni 2025, kila mtu akajua, mitambo ya upepo baharini ikaongezwa, na mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar wa megawati 2,000, ukazimwa tarehe 30 Septemba 2024 na hakuna aliyelala giza kwa ajili hiyo.

Tena sio lazima kila kitu kiwe chuma chakavu. Laini kubwa na kituo cha kupozea umeme tayari vipo pale, betri zinaweza kuunganishwa hapo hapo, na hata jenereta yenyewe inaweza kutenganishwa na turbini ikaachwa inazunguka bila kuchoma makaa hata kidogo, kazi yake iwe kuituliza gridi tu.

Naomba mkirudi kwenye mada hii mumuulize mwenye mtambo: jioni nani atabeba mzigo, gridi ikiyumba nani ataishika, wafanyakazi wameambiwa lini. Na majibu yake myachape pamoja na tarehe ya kufunga.

Ni mimi msomaji wenu,
Opereta mstaafu