Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho: kabla ya kumpa kocha leseni, mpigieni simu mchezaji aliyeumia

YAH: MAKOCHA WASIO NA HURUMA NA NAMNA TUNAVYOWAPITISHA

Mheshimiwa Rais,

Nimetibu viungo vya wanamichezo kwa miaka 14, minane kati ya hiyo nikiwa kwenye benchi la ufundi la timu za kulipwa. Nimekaa na makocha waliotoka kushinda na makocha waliotoka kufungwa mechi sita mfululizo. Nakuandikia kuhusu aina moja tu ya kocha. Sahihi yako ndiyo inayompa leseni, na anapoondolewa klabu moja, ofisi yako ndiyo inayomfungulia mlango wa nyingine.

Iko siku ambayo sitaisahau. Kijana wa miaka 19 alikuwa amelala kwenye kitanda changu cha matibabu, goti limevimba hata pia yake haionekani. Kocha mkuu akaingia na mwenyekiti wa klabu. Akaweka kiganja juu ya mfuko wa barafu, akamuuliza kijana amelalaje, kisha akamgeukia mwenyekiti: "Huyu ni mwanangu, hatutamharakisha." Mwenyekiti aliguswa, nilimwona. Simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Kocha akauondoa ule mfuko, akauweka pembeni taratibu, akaweka kidole gumba juu ya uvimbe, akabonyeza. Hakuwa na hasira wala hakupandisha sauti. Alikuwa akimtazama kijana usoni kwa utulivu, kama mtu anayesoma kipimo. "Jumamosi unacheza," akasema. Nilipomshika mkono aliuondoa bila ubishi, akarudisha barafu mahali pake. Mwenyekiti aliporudi alimkuta kocha anamfunika kijana taulo.

Niliripoti siku ile ile. Mwenyekiti akaniambia nimeona vibaya, maana yeye mwenyewe alikuwepo. Kijana alicheza Jumamosi, dakika 31, na baada ya hapo hakucheza tena msimu wowote. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa.

Nimelitaja lile taulo kwa sababu hapo ndipo tatizo lote lilipo. Tukisikia habari ya kocha mkatili tunafikiria mtu anayepiga kelele na kurusha chupa. Mtu mwenye tabia za kisosiopathi mara nyingi hayuko hivyo. Anawajua watu, anajua nani ana mamlaka juu yake na nani hana, na kila mmoja anamwonyesha uso wake. Kwa wa juu ni asali. Kwa wa chini, hasa wasio na pa kwenda, ni mtu mwingine kabisa. Huyo wa pili wewe huwezi kumwona, Mheshimiwa, kwa sababu wewe ni wa juu.

Niseme wazi kwamba siombi shirikisho ligeuke hospitali ya magonjwa ya akili. Sosiopathi ni neno la mitaani zaidi kuliko la kliniki. Madaktari wanazungumzia tatizo la haiba la mtu anayekanyaga haki za wengine bila kujuta. Hawalithibitishi kwa aliye chini ya miaka 18, na wanataka ushahidi kwamba dalili zilianza kabla ya miaka 15. Kazi hiyo waachiwe wao. Lakini kuna jambo moja katika utaalamu wao ambalo ofisi yako ingeweza kulichukua kesho asubuhi. Mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare, alitengeneza kipimo cha saikopathi, tatizo linalokaribiana na hilo, chenye vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama 0, 1 au 2. Kipengele cha kwanza kabisa ni ulaini wa ulimi na mvuto wa juujuu. Kwa hiyo anayepima haruhusiwi kutegemea mazungumzo peke yake. Lazima asome mafaili: kazi alizofanya mtu huyo, mashtaka, na maelezo ya waliowahi kuishi naye. Wataalamu waliosomea jambo hili wanajilinda dhidi ya kudanganywa na ulimi mtamu. Sisi tunamfanyia kocha usaili wa dakika 40, tunapiga simu kwa mwenyekiti wake wa zamani, tunamaliza.

Najua nitakachojibiwa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii nimeisikia vyumbani mwa kubadilishia nguo mara nyingi mno, na naikubali. Lakini inamsema mzazi, mtu ambaye kilio cha mwana kinamuuma na bado anajikaza. Ninayemzungumzia hakimuumi. Nimefanya kazi na kocha mkali kweli kweli, mwenye matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Siku mchezaji wake alipovunjika mguu mazoezini alikaa naye hospitali mpaka saa tisa usiku, viatu vyake vya mazoezi bado vina matope, na asubuhi akaja kuniuliza kama zoezi lile ndilo lililosababisha. Hakulirudia tena. Huyo ndiye aliyeitwa mbele ya kamati ya maadili, kwa kumtolea mwamuzi maneno. Yule wa kidole gumba hajawahi kuitwa popote.

Wa aina hii hawajai kila mahali. Makocha wengi niliofanya nao kazi ni watu wenye utu, na baadhi yao ningewakabidhi watoto wangu. Ila michezo ya kulipwa inampa mtu wa aina hii kila anachohitaji. Anapanga kikosi, na asiyepangwa hana posho ya mechi wala soko. Ana kambi iliyofungwa, mbali na familia. Ana vijana ambao umri wao wa kucheza ni mfupi na wanaojua kwamba msimu mmoja wa kuwekwa benchi unaweza kuwamaliza. Juu ya yote ana matokeo, na kombe likishaingia kabatini hakuna anayetaka kusikia lilivyopatikana. Hata kwenye usaili, kutosita na kumkata mtu bila kujuta tunakuita uongozi.

Mambo haya yameshaandikwa duniani, tena kwa majina. Simpi jina la ugonjwa yeyote nitakayemtaja, nataja matendo na namna wakubwa walivyoyapokea. Bob Knight, kocha wa mpira wa kikapu, alikuwa amechukua ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara tatu akiwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Mkanda wa video wa mazoezi ya mwaka 1997, ukimwonyesha ameshika shingo ya mchezaji wake, ulitoka hadharani mwaka 2000. Hata hapo chuo kilimpa kwanza onyo la mwisho, na kumfukuza kukaja miezi kadhaa baadaye. Mwaka uliofuata alikuwa ameshaajiriwa na chuo kingine.

Paul Riley, kocha wa soka la wanawake Marekani, aliachwa na klabu ya Portland mwaka 2015 baada ya mchezaji kumlalamikia kwa mwenendo wa kingono. Umma haukuambiwa sababu. Klabu nyingine ya ligi ile ile ikamchukua, akashinda mataji, na hakuondolewa mpaka 2021, wachezaji walipoamua kuzungumza na waandishi wa habari. Yeye alikanusha sehemu kubwa ya tuhuma. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Sally Yates ilitoka Oktoba 2022, na Januari 2023 ligi ikamfungia maisha. Miaka sita, Mheshimiwa, na taarifa ilikuwemo ofisini.

Na kuna Choi Suk-hyeon wa Korea Kusini, mwanamichezo wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Alipigwa na kudhalilishwa ndani ya timu yake. Alipeleka malalamiko kwenye mamlaka zaidi ya moja, zikiwemo za michezo. Juni 2020 alijiua, akiwa na miaka 22. Kocha wake alihukumiwa kifungo cha miaka 7 mwezi Januari 2021. Kila ninaposoma habari zake, hukumu ya kocha sikai nayo sana. Nakaa na wale waliopokea malalamiko. Nawaza karatasi ile ilikaa kwenye meza ya nani, kwa siku ngapi, na kama aliyeisoma alimpigia simu kocha kwanza.

Kwetu hivyo ndivyo inavyofanyika. Malalamiko yakifika, anayepigiwa kwanza ni kocha, kisha mwenyekiti, na wote wawili wanaeleza vizuri. Mchezaji anaitwa wa mwisho, akiwa ameshajulikana ni nani aliyesema.

Ninachokuomba ni kugeuza mpangilio wa simu hizo. Kocha akiomba leseni au akitaka kuihuisha, watafuteni watu wa chini yake: wachezaji watatu walioumia mikononi mwake, wawili walioachwa, kocha msaidizi aliyeondoka, mtunza vifaa. Mtunza vifaa msimsahau, maana mbele yake hakuna anayejitahidi kuigiza. Waulizwe faraghani, na mtu asiyelipwa na klabu. Mmoja akisema vibaya huenda ana kinyongo. Wanne wasiojuana wakieleza kitendo kile kile, kinyongo hakihusiki tena. Klabu inayoachana na kocha iwajibike kuliandikia shirikisho sababu ya kweli, na sababu hiyo isomwe na klabu inayomtaka. Na uamuzi wa nani yuko fiti kucheza uondoke mikononi mwa kocha kabisa, kwa kanuni, ili daktari au mtaalamu wa viungo asilazimike kuchagua kati ya goti la mtu na ajira yake. Mimi nililazimika, na pamoja na kuchagua goti, sikuliokoa.

Wako watakaokuambia hatua hizi zitawafukuza makocha wazuri. Kaa na kocha mzuri yeyote, mwulize kama anaogopa wachezaji wake wa zamani wapigiwe simu.

Nimearifiwa kwamba kocha yule ameomba leseni ya daraja la juu na jalada lake liko kwa kamati yako ya ufundi. Barua tatu za kumpendekeza zimo, zote za viongozi wa klabu. Nimezungumza na yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mtoto. Yuko tayari kueleza, na mimi niko tayari kukaa pembeni yake akieleza. Namba yake ya simu ni ile ile aliyoiandika kwenye fomu ya usajili ya shirikisho lako, na mpaka leo hajapigiwa na mtu.

Wako katika michezo,

Aliyekuwa mtaalamu wa viungo wa timu