Mheshimiwa Waziri, Mandera haihitaji seng'enge nyingine

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani,
Harambee House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Anayebisha kwamba mpaka wetu na Somalia unahitaji ulinzi hajaishi Mandera. Mimi nilikuwa mwalimu huko Novemba 2014, abiria 28 waliposhushwa kwenye basi wakauawa na magaidi wa al-Shabaab, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye wakauawa wengine 36 kwenye machimbo ya mawe. Kwa hivyo sina ugomvi na fungu la bajeti la usalama wa mpaka. Nauliza tu linanunua nini.

Mwaka 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, tuliahidiwa ukuta. Mpaka wenyewe ni karibu kilomita 700. Kufikia 2019 wabunge waliambiwa shilingi bilioni 3.4 zimekwisha kutumika, na cha kuonyesha ni kama kilomita kumi za nguzo na waya. Ni zaidi ya milioni 300 kwa kilomita moja. Hata fundi wa soko la Gikomba angeona haya kukuandikia risiti hiyo! Wabunge wakataka kazi isimamishwe. Naomba hesabu yake, zabuni kwa zabuni, iwekwe hadharani kabla hatujaombwa shilingi nyingine.

Desemba 2015 basi jingine lilivamiwa karibu na El Wak, Mandera. Abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Watu wa eneo hilohilo ndio tuliowapiga msasa, yaani kuwahoji kama kweli ni Wakenya, kwa miaka 60 kabla ya kuwapa kitambulisho.

Umewahi kukaa kwenye kikao cha msasa, Mheshimiwa? Chifu yupo, wazee wapo, maafisa wa usalama wapo. Mvulana aliyetoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne anaulizwa ukoo wake, babu yake alizikwa wapi, na mzee gani hapa anamjua. Afisa mmoja asipofika, kikao kimeahirishwa, na mama aliyepanda lori usiku kucha kuja kumtolea mwanawe ushahidi anarudi alikotoka. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa chuo, hakuna laini ya simu, na kila kizuizi cha barabarani ni mashaka. Mwenye hongo, naye, hakuulizwa kaburi la babu. Kama ule ulikuwa mtego wa kunasa magaidi, ulinasa wanafunzi wangu.

Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa msasa, na nilishangilia. Lakini tangazo halijazi mafuta gari la usajili. Sasa mzigo wa kuwathibitisha waombaji umemwangukia chifu, ambaye wakati mwingine eneo lake ni la siku nzima kwa gari, na gari hana. Garissa nako kuna Wakenya ambao familia zao zilijiandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab wakati wa ukame ili wapate posho ya chakula. Alama zao za vidole zikabaki kwenye daftari la wakimbizi. Kuwaondoa humo kunahitaji makarani na mashine, na hivyo vina bei.

Polisi wa akiba je? Machi 2025 sita waliuawa kambini Fafi, Garissa. Hawa ndio wanaozijua nyayo za kila mgeni, lakini vifaa vyao ni vya mwisho kufikiriwa.

Kuhusu kivuko cha mpaka wa Somalia: kilifungwa 2011, Mei 2023 tukaahidiwa kitafunguliwa, Julai ikaahirishwa. Muda huo wote sukari na watu walipita njia za panya, na ushuru ukakusanywa na wasiojulikana. Kituo halali chenye maafisa wa uhamiaji na forodha kingekuonyesha nani kaingia.

Katika makadirio yajayo ya wizara yako, naomba usajili wa kaskazini uwe na mstari wake, wenye kiasi chake, ili mbunge yeyote aweze kuuliza umetumikaje.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Machakos